Masahihisho ya Ukurasa wa Saba

Wanaosimulia jinsi jarida letu la mimea lilivyoanza pale Kasulu husema lilizaliwa na mapenzi ya sayansi. Si kweli. Lilizaliwa na hasira, na hasira yenyewe wala haikuwa yangu, ingawa baadaye nilipata yangu na ninayo mpaka leo. Mwalimu mmoja wa biolojia, mtu wa mkoa mwingine aliyeletwa kufundisha kwetu, alikuwa amepeleka Ulaya makala kuhusu miyombo ya huku juu. Wakamrudishia pamoja na barua ya mistari miwili. Akaja nayo ofisi ya kilimo, nilikokuwa karani wa taipu, akaiweka juu ya mashine yangu.

"Dada, soma," akasema. "Hawa hawajauona mti wenyewe, lakini wananiambia mimi ndiye sijauelewa."

Nikasoma, nikachukia kwa niaba yake. Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na sote tuliamini kwamba jambo likishafanywa kwa Kiswahili limekuwa letu. Mwalimu akasema ataanzisha jarida lake mwenyewe, la mimea ya uwanda wetu wa juu, Kasulu na Kibondo, kwa Kiswahili kitupu, na Ulaya wakilitaka watafute mkalimani. Nilimpenda kwa maneno yale. Nasema hivyo ili mjue kwamba sikuwa adui yake tangu mwanzo.

Bwana shamba wa wilaya alitupa stoo iliyokuwa nyuma ya ofisi, penye magunia ya mbolea na mabomba mabovu ya kupulizia dawa. Humo ndimo jarida lilimofanyiwa kazi. Kulikuwa na mashine ya kurudufia ya kuzungushwa kwa mkono, iliyotema wino kila ilipojisikia. Mimi ndiye niliyekata stensili zote, zile karatasi za nta, kwa taipu, na palipokuwa na picha ya jani nililichora kwa msumari uliotiwa kishikio cha mti. Ukikosea unapaka rangi ya kuzibia, unasubiri ikauke, unaanza tena. Mimea tuliikandamiza katikati ya magazeti makuukuu, ubao chini, ubao juu, na jiwe juu ya yote. Kila asubuhi, kabla ya barua za ofisi, nilibadilisha magazeti yaliyonyonya maji. Masika ilipokuja tulikaushia juu ya jiko la makaa, na gauni zangu zote zikanuka moshi na majani.

Mtu wa tatu alikuwa mzee mwenye duka, Mwislamu ambaye babake alitoka pwani, naye Kiswahili alizaliwa nacho. Chetu sisi Waha kilikuwa Kiha kilichovaa kanzu, ndivyo alivyosema mwenyewe, na hakuona haya kutucheka. Alifunga duka baada ya alasiri akaja kukaa juu ya gunia la mbolea, miwani puani, akisoma kila ukurasa kabla sijaukatia stensili. Siku moja yeye na mwalimu walibishana mpaka adhana ya magharibi juu ya jina la ule unga wa maua. Mwalimu alitaka neno la kitabuni lililokopwa. Mzee akamwambia, "Watu wetu wameuona unga huo tangu waanze kufuga nyuki. Waulize wanauitaje kabla hujawaletea neno la kuwavunja meno." Nilicheka mpaka nikaharibu stensili.

Nilikuwa na furaha mle ndani. Hilo nalo linaniudhi, kwamba nilikuwa na furaha.

Kwa ajili ya toleo la kwanza mwalimu alitaka makala ya dawa za kienyeji. Akaniuliza, "Mama yako si mganga?" Ndiyo, mama yangu alikuwa mganga, upande wa Kibondo, katika kilima kimoja kuelekea Nyabibuye. Dawa yake kubwa ilikuwa ya tumbo la watoto, na watu walimfuata kutoka mbali, wengine hata Nyakitonto, na mtoto mgongoni. Nikatuma salamu kwa dereva wa lori kwamba mwanawe anaomba dawa ya tumbo, wataalamu waitazame. Wiki mbili baadaye dereva akaniletea kikapu. Akasema, "Mama yako amesema ni kikombe kimoja asubuhi, kabla mtoto hajala."

Hapa ndipo nilipokosea, na nitalisema kosa langu kwanza kabla sijataja ya wengine. Kwetu mganga habebi dawa njiani ikiwa wazi. Macho ya wapita njia huipunguza nguvu, na wenye wivu huijua. Kwa hiyo akishachimba, huchuma majani yoyote yaliyo karibu na njia, mabichi na mapana, akafunika kikapu. Akifika huyaondoa majani yale na kuyatupa, ndipo kazi inapoanza. Hakuna anayefundishwa jambo hili, kwa sababu hakuna asiyelijua. Mtoto wa miaka mitano aliyekulia kwetu analijua.

Mimi sikukulia kwetu. Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, na huko tulifundishwa kwamba vikapu vya mama zetu ni ushirikina mtupu, tusiviguse, tusiviulizie. Niliporudi likizo nilikaa nje nikisoma. Nilijiona msafi. Basi kikapu kilipofika nilikifunua, nikaona majani mazuri ya kijani, hayajanyauka bado, na chini yake vipande vya magome na mizizi mikavu iliyojaa udongo. Nikadhani vile vya chini vimewekwa ili majani yasipondeke. Niliyakandamiza majani kwenye magazeti kwa uangalifu mkubwa. Umuti wa mama yangu, dawa yenyewe, magome na mizizi yote, niliukung'utia jaani nyuma ya ofisi.

Jani likachorwa, nikalichora mimi. Likaingia ukurasa wa saba. Chini yake mwalimu aliandika kwamba dawa hii ya tumbo la watoto imetolewa na bibi mganga wa Kibondo, mama mzazi wa karani wa jarida, na akataja na kijiji. Nilivimba kichwa kwa maneno yale. Nilituma nakala moja kwa mama, ingawa hakujua kusoma.

Toleo la kwanza lilipokelewa kama mtoto wa kwanza. Chuo kikuu Dar es Salaam waliandika barua ya pongezi. Afisa elimu alichukua nakala nyingi kwa ajili ya madarasa ya watu wazima, maana wakati ule watu wazima walifundishwa kusoma kila mahali, na walimu wao hawakuwa na cha kusomesha. Mzee mwenye duka alibandika ukurasa wa mbele ukutani, pembeni ya mizani. Mwalimu alitembea mjini shingo imenyooka.

Mama wakati huo hakuwa tena kilimani kwake. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, na mama akapewa kiwanja kati ya watu ambao nusu yao hakuwafahamu. Katika kijiji hicho darasa la watu wazima lilikaa kwenye banda la chama. Mwalimu wao akasoma ukurasa wa saba kwa sauti, wanafunzi wakarudia, wakaandika jina la jani ubaoni. Jani lenyewe liliota kila ukingo wa njia.

Jirani wa mama, bibi mmoja aliyekuwa akilea mjukuu, alikuwa mwanafunzi wa darasa lile. Mjukuu akashikwa na tumbo siku ambayo mama alikuwa amekwenda kwenye msiba. Zamani angemsubiri. Lakini sasa kitabu kilikuwa kimekwisha sema, na yeye mwenyewe alikuwa amekisoma kwa kinywa chake, mwanamke aliyekuwa hajawahi kusoma neno. Akachuma, akachemsha, akamnywesha. Mtoto alitapika mpaka akaishiwa nguvu ya kulia. Walimkimbiza Kibondo kwa baiskeli, wakipokezana zamu ya kusukuma. Alilazwa siku nyingi. Alipona, ila alirudi mifupa mitupu.

Mama aliporudi msibani alikuta mkutano umeitishwa. Mwenyekiti wa kijiji alishika jarida letu mkononi, ile kazi ya mikono yangu, akamuuliza, "Hapa pameandikwa kwamba ni wewe umetoa. Ulitoa au hukutoa?"

Mama akakana kwa Kiha, "Oya. Hilo sikutoa."

"Basi kitabu kinasema uongo?"

Mama angejibu nini? Kitabu kilikuwa cha mwanawe. Wakamkataza kutibu. Wakakataza asiitwe kumzalisha mwanamke mwenye uchungu. Sheria ya mkutano ilikuwa hiyo tu, lakini watu waliongeza yao: watoto wakaambiwa wasipite uwanjani kwake, na maji yake yakawa hayaombwi.

Nilipata habari kwa dereva wa lori, nikaomba likizo siku hiyo hiyo. Nilimkuta mama anapukuchua mahindi. Aliniuliza njaa yangu, aliniuliza barabara, akanipa kiti. Halafu akaniita mwanangu kwa Kiha: "Mwana wanje, kile kikapu ulikifunua vipi?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Nikamweleza majani, nikamweleza magazeti. Nilipofika kwenye magome na mizizi niliona uso wake umebadilika, na mimi mwenyewe nikaelewa kabla hajasema.

"Yale yalikuwa ya kufunika," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

Akachukua hindi jingine. "Nilidhani nimempelekea mwanangu."

Hakulisema kwa ukali. Angenizaba kofi ningelala vizuri zaidi.

Nilirudi Kasulu nimeapa kwamba toleo la pili litamsafisha mama yangu. Ndilo jambo pekee nililolitaka duniani: karatasi ile ile iliyompaka matope imtakase, isomwe kwenye banda lile lile. Nilimweleza mwalimu kila kitu na sikujificha. Nilimwambia kosa ni langu, aandike hivyo, ataje jina langu.

Akaenda dirishani, akarudi. "Dada, umefikiria unachokiomba? Wale walionirudishia makala wameandika. Wanaliomba toleo la pili. Nikifungua kwa kusema kwamba toleo la kwanza tulichora jani la kufunikia kikapu, nani atatusoma tena?"

"Mtoto nusura afe, Mwalimu."

"Hakufa."

Nilitaka kumtupia mashine. Kisha akalainisha sauti. Akasema liko jambo moja: jarida haliwezi kusema tu kwamba jani lile si dawa, lazima liseme dawa ni ipi. Mama akileta ile ya kweli, na akaonyesha mmea mzima, yeye atachapa masahihisho. Akaapa kwa mama yake mwenyewe.

Nilimpelekea mama ujumbe ule nikiona haya. Dawa ile alipewa na mama yake, naye alipewa na wake, na ilikuwa ndiyo mali yake yote baada ya kilima kuchukuliwa. Nilitegemea atakataa. Hakukataa. Alikuja mwenyewe, siku nzima juu ya lori la mihogo, mvua inanyesha, akashuka mbele ya ofisi ya kilimo na kikapu kichwani. Kikapu hakikufunikwa. Kila mtu aliyekuwa sokoni aliweza kuona magome, mizizi na matawi yenye majani yake. Alipita hivyo kutoka barabarani mpaka stoo, mzee wa watu, na wanawake wa Kiha waliokuwa wanauza ndizi walimpisha wakitazama chini kwa sababu walijua wanaona nini. Mwalimu hakujua. Alimkaribisha kwa chai, akamwita mama, akaandika kurasa nne.

"Neno langu, mama," akamwambia. "Tutasahihisha."

Mama akakubali kwa Kiha, "Ego." Akanywa chai yote kwa heshima, akalala kwangu, asubuhi akapanda lori.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwalimu aliniletea muswada wa toleo la pili, nikaufungua kwenye taipu, na ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Kiingereza. Wa pili pia. Yote. Nikamuuliza kuna nini. Akasema wasomaji wa nje ni wengi kuliko alivyotarajia, chuo kikuu wamemshauri, na jarida moja haliwezi kusema lugha mbili. Yule yule aliyesema Ulaya watafute mkalimani. Makala kubwa ilikuwa ya dawa ya mama, mmea wake, gome lake, namna ya kuichemsha, na juu yake jina la mwalimu peke yake. Mama yangu humo alikuwa amegeuka 'wenyeji wa wilaya', basi. Masahihisho yalikuwa mwisho kabisa, chini ya orodha ya shule zilizopokea nakala, mistari miwili: mmea uliotajwa ukurasa wa saba usomwe kuwa mmea mwingine. Hapakuwa na mganga wala kijiji wala karani. Lilipokuwa kosa alitajwa mpaka mahali anapolala. Lilipokuwa sahihi hakuwapo.

Nikamwambia nichape karatasi moja tu ya Kiswahili, tuichomeke katikati. Akasema nisiharibu sura ya jarida. Nikamwomba basi barua yenye sahihi yake, niipeleke kijijini. Akasema sawa, kesho. Kesho ile sijaiona mpaka leo.

Mzee mwenye duka alikuja alasiri kama kawaida, akakaa juu ya gunia, akavaa miwani, akaangalia ukurasa mmoja na mwingine. Akavua miwani. "Humu sina kazi tena," akasema. Akaaga vizuri, akaenda. Jioni ile nilipopita dukani ule ukurasa pembeni ya mizani haukuwapo.

Mimi sikuondoka. Nilikata stensili zote za Kiingereza, na ile ya mistari miwili pia. Stoo nilikuwa na ufunguo, karatasi zilikuwapo, mashine niliijua kuliko mtu yeyote wilayani, na ningeweza kuchapa Kiswahili changu nakala mia bila ruhusa ya mtu. Niliogopa kazi yangu. Nilijidanganya kwamba nitakwenda mwenyewe kuwatafsiria.

Nikaenda. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye adabu, aliitisha watu kwenye banda. Nilisoma Kiingereza, nikatafsiri kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiha. Nilisema kosa ni langu. Mwenyekiti akaomba aone. Akaligeuza jarida huku na huku, akampa mwalimu wa watu wazima, naye akatikisa kichwa kwamba Kiingereza hakijui. Mwenyekiti akanirudishia.

"Binti, unasoma wewe, unatafsiri wewe, na anayetetewa ni mama yako," akasema. "Labda ni kweli. Lakini niambie jambo moja. Lile la kwanza mbona walituandikia sisi, na hili wamewaandikia wengine?"

Watu walitawanyika polepole. Mama alikuwa amekaa nyuma, amejifunga kitenge kipya kwa ajili ya siku ile.

Jarida liliendelea miaka michache, likahamia Dar es Salaam pamoja na mwalimu, aliyepata nafasi ya masomo ya juu kwa ajili ya makala ile ya dawa. Hakuniaga. Nilikuja kusikia amekuwa mtu mkubwa, na katika hotuba huwashukuru wananchi wa Kigoma. Namchukia. Watu huniambia ni zamani, nisamehe, na mimi huwauliza ni nani aliyeniomba msamaha.

Kuelekea mwisho wa miaka ya sabini mama aliugua tumbo. Nilikuwa nimekuja kumuuguza. Asubuhi moja jirani yule, bibi wa mtoto, aliingia ndani bila kubisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mkutano. Alikuwa na kikombe kinachotoa mvuke. Harufu yake, ya magome yale yale ya kikapu cha mama, ilifika kabla yake, na mama akafumbua macho.

"Nimesema nisikuache hivi," akasema jirani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwinua mama kichwa kwa mkono. "Ile ya mtoto nimekusamehe. Wewe kunywa hii. Tumefundishwa zahanati, imegunduliwa na wataalamu, hii ni ya kweli. Inachemshwa kwenye chungu cha udongo, siyo sufuria. Wewe labda hukujua."

Nilisimama. Nilikuwa na maneno ya miaka yote ile mdomoni. Mama akanishika kiganja, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akaendelea kumtazama jirani yake.

"Nimesikia, dada," akasema. "Kwenye chungu." Akanywa yote, akamshukuru.